Mikono Mitupu: "Croupier", "Casino" na Jicho Linalotazama Chini

Kabla sijawa mwandishi wa habari nilikaa miezi minane kwenye kaunta ya duka moja kubwa hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nimemaliza chuo, ajira zinasuasua, na kodi ya chumba haisubiri. Kila usiku tukishafunga hesabu tulipanga mstari kwenye korido ya nyuma. Mlinzi alipekua mikoba, akapapasa mifuko, akatuambia tuvue viatu tuvikung'ute. Mlinzi wetu alikuwa dada mmoja wa makamo ambaye mchana tulichanga naye hela ya wali maharage. Usiku akinifikia alisema, "Samahani, mdogo wangu," kisha anaingiza mkono. Namjibu, "Usijali, dada." Maneno hayo hayo kila usiku. Meneja alikuwa akitoka kwa mlango wa mbele.

Sikuwahi kuiba hata bigijii pale dukani. Lakini nakumbuka vizuri kwamba kufikia mwezi wa pili nilikuwa nimeanza kuwaza ningeibaje. Si kwa sababu ya shida, maana shida zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mtu akikutafutia wizi mwilini kila siku, na wewe unaanza kuutafuta.

Hali hiyo nimeiona ikielezwa sawasawa mara moja tu, tena kwenye filamu ya Kiingereza ambayo wengi hawajaiona: "Croupier" ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Mike Hodges na kuandikwa na Paul Mayersberg. Nimeirudia mwezi uliopita, kisha nikairudia "Casino" ya Martin Scorsese ya mwaka 1995, na leo nataka kuzisoma pamoja. Zote mbili zinauliza swali moja: mwenye kasino anajilinda vipi na mfanyakazi wake mwenyewe? Zinajibu tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Tahadhari mapema: nitafichua mwisho wa "Croupier".

Kazi yenyewe

Kwanza tuelewane. Yule anayegawa karata na kuzungusha gurudumu la ruleti wenyewe humwita dila, Wafaransa wakampa jina la "croupier". Mimi nitamwita mchezeshaji, kwa sababu Kiswahili hapa kimetupa neno zuri kuliko yote mawili: yeye hachezi, anachezesha. Hela si yake, bahati si yake, na ushindi si wake. Chake ni mikono tu.

Na mikono hiyo ndiyo inayolindwa. Mchezeshaji akitaka kuondoka mezani anagonga viganja pamoja, anavigeuza juu, anavigeuza chini, ili kamera iliyo darini ione kwamba hakuna chipu iliyofichwa katikati ya vidole. (Chipu ni zile sarafu za plastiki, chipsi mayai ni habari nyingine.) Akitaka kujikuna pua, anaonesha viganja kwanza, kisha ndio ajikune. Kwenye kasino nyingi suruali yake haina mifuko, au mifuko imeshonwa. Mteja akileta noti, zinatandazwa mezani moja moja mbele ya msimamizi, zinahesabiwa kwa sauti, ndipo zinasukumwa kwenye tundu na kuangukia kisanduku chenye kufuli ambacho mchezeshaji hana ufunguo wake. Chipu za malipo zinapangwa kwa vikundi vinavyohesabika kutoka juu. Na baada ya muda mfupi anahamishwa meza, asije akazoeana na mtu.

Kwa nini usumbufu wote huu? Kwa sababu kasino ina tatizo ambalo duka letu halikuwa nalo. Dukani unahesabu: ziliingia katoni kumi, zimeuzwa sita, lazima zibaki nne. Zikiwa tatu, mtu aulizwe. Ruleti ya Ulaya ina namba 37, na hesabu yake ni kwamba katika kila paundi 100 zinazochezwa, nyumba inabaki na kama paundi 2.70. Lakini huo ni wastani wa muda mrefu. Usiku mmoja meza inaweza kupoteza fedha nyingi kihalali kabisa, kwa bahati tu ya mteja. Kwa hiyo mwenye kasino akikuta pengo asubuhi, hajui kama ni bahati au ni wizi. Bahati inamfichia mwizi. Kwa kuwa daftari la usiku mmoja halimwambii kitu, anabaki kutazama mikono.

Hapa ndipo ninapomkumbuka mwenye daladala wetu. Naye hajui kondakta amekusanya shilingi ngapi barabarani, ila yeye kalimaliza kwa njia nyingine: anadai hesabu ya siku, kiasi maalumu, kinachozidi ni chenu. Hahitaji kamera. Gharama yake wanailipa wengine, yaani abiria anayekimbizwa roho mkononi na mwanafunzi anayeachwa kituoni. Mwenye kasino hawezi kufanya hivyo, kwa sababu bahati haikubali kupangiwa hesabu. Kwa hiyo anapanga watu.

Mtu aliyegawanyika

Jack Manfred, anayechezwa na Clive Owen, ni mwandishi asiye na kitabu. Anaishi London na Marion, askari wa zamani ambaye sasa anakamata wezi madukani. (Ndiyo, mpenzi wake ni jicho jingine la kulinda mali.) Baba yake yuko Afrika Kusini, ambako Jack alikulia kwenye mazingira ya kasino, na ndiye anayempigia simu kumwambia kuna kazi kwenye kasino iitwayo Golden Lion. Jack hataki, lakini hela hana. Anakwenda.

Eneo la usaili ni mojawapo ya yale yaliyonifanya nisimamishe filamu na kurudi nyuma. Meneja hamuulizi Jack ana tabia gani. Anatazama mikono: inavyopanga chipu, inavyozikata, inavyorusha mpira kwenye gurudumu. Kisha anasomewa masharti. Hakuna kucheza kamari. Hakuna kujuana na wateja. Hakuna mapenzi na wafanyakazi wenzako. Ukisikiliza vizuri, masharti haya hayazungumzii wizi hata kidogo. Yanazungumzia urafiki. Kasino imegundua kwamba mchezeshaji peke yake haibi kirahisi. Anahitaji mtu wa upande wa pili wa meza wa kupokea. Kwa hiyo inaziba wizi kwa kuziba mahusiano. Ndiyo maana dada wa mlangoni kwetu naye alihamishwa baada ya muda. Walisema amezoeana sana na sisi.

Jack anavunja masharti yale moja baada ya jingine, polepole, bila hata kupandisha sauti. Analala na Bella, mchezeshaji mwenzake. Anamwona Matt, mwenzake mwingine, akiipunja kasino, na ananyamaza. Anazoeana na Jani, mteja kutoka Afrika Kusini. Wakati wote huo sauti yake inasimulia, na hapa ndipo Hodges na Mayersberg walipocheza karata yao nzuri: Jack mara nyingi anajisimulia kama mtu mwingine. Anasema "yeye". Anaandika riwaya kuhusu mchezeshaji anayeitwa Jake, na kadiri filamu inavyoendelea hujui tena nani yuko mezani, Jack au Jake.

Wahakiki wengi huichukulia sauti hiyo kama pambo la filamu za uhalifu za zamani, mwanamume mwenye koti jeusi anayejisemesha. Mimi siioni hivyo. Ukifanya kazi mahali ambapo kila kidole chako kinatazamwa kutoka darini, unajifunza na wewe kujitazama kutoka darini. Unasimama juu ya kichwa chako mwenyewe. Mikono inakuwa ya yule wa chini, wewe unakuwa kamera. Hiyo "yeye" ya Jack ndiyo kazi aliyofundishwa. Filamu haikuhitaji kutueleza hili kwa hotuba. Imeliweka kwenye nafsi ya kitenzi.

Wizi wa mtu mwaminifu

Halafu inakuja hila kubwa ya filamu, na kila nikiifikiria naiona ni kali zaidi. Jani anamtaka Jack awe mtu wa ndani kwenye ujambazi. Watu wake watavamia kasino. Sasa Jack afanye nini? Aibe chipu? Afungue mlango? Hapana. Mtu fulani atakuja mezani kwake na kufanya udanganyifu. Jack atakachofanya ni kupaza sauti na kumkamata. Basi. Vurugu itatokea, macho yote yatahamia pale, na wengine watafanya yao. Malipo ya awali ni paundi 10,000.

Tazama hiyo. Analipwa ili afanye kazi yake. Kitendo chenyewe ndicho ambacho kasino ingempongeza nacho siku nyingine yoyote. Kamera ikirudiwa mara mia itaonesha mchezeshaji hodari, mikono misafi, akilinda mali ya mwajiri. Ulinzi mzima umejengwa kusoma kitendo. Hauna namna ya kusoma nia.

Msidhani haya ni ya kwenye filamu tu. Miaka michache baadaye Marekani ilipata kesi ambayo mwandishi wa riwaya angeambiwa ametia chumvi. Mwaka 2007 watu wa kundi lililojulikana kama Tran Organization walifunguliwa mashtaka ya kuziibia kasino nyingi za Marekani na Kanada kuanzia mwaka 2002, na kiasi kilichotajwa kilifika dola milioni 7. Walikuwa wanahonga wachezeshaji ili wachange karata kwa uongo. Mchezeshaji anazichanga mbele ya kila mtu, mikono ikienda kama kawaida, lakini fungu moja la karata linabaki katika mpangilio ule ule wa mchezo uliopita. Washirika mezani wameshauandika mpangilio huo. Fungu likianza kutoka, wanajua kinachofuata, wanaweka dau kubwa. Hakuna chipu iliyoingia mfukoni. Mchezeshaji akiondoka anagonga viganja na kuvionesha kwa kamera, na viganja ni vitupu kweli. Wizi ulikuwa kwenye kitendo ambacho hakikufanyika.

Mlango ambao jicho haliingii

"Casino" ya Scorsese, kwa upande wake, haina subira ya kukaa ndani ya kichwa cha mchezeshaji. Ni filamu ya mabosi. Robert De Niro ni Sam Rothstein, anayeendesha kasino iitwayo Tangiers mjini Las Vegas kwa niaba ya magenge ya mbali. Nicholas Pileggi, aliyeandika kitabu na kushirikiana kuandika mswada, aliijenga kutoka kwenye mambo halisi ya kasino ya Stardust na mtu wake, Frank Rosenthal.

Kuna sehemu maarufu ambapo Rothstein anatueleza nani anamtazama nani. Mchezeshaji anamtazama mteja, msimamizi anamtazama mchezeshaji, mkubwa wake anamtazama yeye, ngazi kwa ngazi mpaka kwa Rothstein mwenyewe, na juu ya wote jicho la angani. Kamera ya Scorsese inaruka kutoka uso mmoja hadi mwingine, haraka, tamu, unajikuta unatabasamu. Ni ngazi nzuri kweli. Lakini niliporudia safari hii niliona kitu ambacho ujanani kilinipita: filamu imeshatuonesha tayari chumba cha kuhesabia. Mtu mmoja anaingia na begi, anajaza noti, anatoka. Wahesabuji wanageuza nyuso. Anapita katikati ya kasino, anapanda teksi, anaelekea uwanja wa ndege. Hakuna anayemwambia ageuze viganja.

Nje ya filamu ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1976 wakaguzi wa jimbo la Nevada walipoingia Stardust walikuta mizani ya kupimia sarafu imechezewa ili ioneshe uzito pungufu; zilizozidi zilikuwa zinatoka kimyakimya. Mwaka 1986 mahakama ya Kansas City iliwatia hatiani wakubwa wa magenge, akiwemo Joseph Aiuppa wa Chicago, kwa kuchota fedha za kasino za Las Vegas. Yaani wakati mchezeshaji anaomba ruhusa ya kujikuna, hela zilikuwa zinapungua kwenye mizani.

Scorsese anaongeza kichekesho kimoja ambacho ni uhakiki tosha. Wakubwa wale wanaanza kulalamika kwamba begi linafika jepesi. Waliopewa kazi ya kuwaibia kasino wanawaibia wao. Kwa hiyo wezi wanaweka msimamizi wa kuzuia wizi wa mali ya wizi, na jamaa yule, kwa kujihami asije akashukiwa, anaandika kila senti anayotumia kwenye daftari. Daftari hilo ndilo linalokuja kuwaangamiza.

Na kuna eneo la mkuu wa mashine za kamari. Mashine tatu zimetoa zawadi kubwa ndani ya muda mfupi na yeye hakushtuka. Rothstein anamfukuza papo hapo, na sababu yake ni fupi: ama ulikuwa mshirika, ama huna akili ya kutosha kwa kazi hii, na vyovyote iwavyo ondoka. Mara ya kwanza nilimpenda Rothstein pale. Safari hii nilimkumbuka dada wa mlangoni. Kwenye macho ya mfumo kuna watu wa aina mbili tu, mwizi na mjinga. Mtu mwaminifu hana mahali pake pa kusimama, kwa sababu uaminifu hauonekani kwenye kamera.

Wahenga wametuachia "kikulacho ki nguoni mwako", na kila meneja wa Dar anaijua. Ila methali hiyo imesemwa na mwenye nguo. "Casino" inatukumbusha kwamba ana nguo nyingi, na anapekua moja tu.

Penye kasoro

Sasa nisije nikaonekana nimekunywa maji ya bendera ya "Croupier". Ina kasoro, na moja ni kubwa.

Filamu inawatumia wanawake wake vibaya. Marion ndiye pekee anayeusoma mswada wa Jack na kumwambia ukweli kwamba mtu huyo wa kwenye kitabu hana moyo. Ndiye pekee anayejaribu kumzuia. Filamu inamlipa kwa kumgonga na gari na kumwondoa njiani. Bella anapoteza kazi huku akiamini Jack ndiye aliyemchongea, na maumivu yake yanakuwa kama kituo cha basi: Jack anapita. Sidhani Hodges hakuona hili. Nadhani aliliona, lakini ubaridi wa Jack ulimvutia kiasi kwamba akaanza kuusifia. Filamu inayohakiki jicho la darini inaishia kukaa darini yenyewe.

Mwisho nao una fundo ambalo wengine wataliona limefungwa kwa nguvu mno. Simu inalia kutoka Afrika Kusini: ni Jani, yuko na baba yake Jack. Mzee ndiye aliyepanga yote, tangu ile simu ya kazi. Rafiki yangu mmoja tuliyeangalia naye alisema, "Hii sasa ni sinema ya Kihindi." Tulicheka. Lakini mimi naitetea. Jack aliamini amejitazama kutoka juu kuliko wote, kumbe kulikuwa na dari juu ya dari. Hata yeye alikuwa ngazi katika ngazi ya mtu.

Anachotoka nacho mwandishi

Nimeacha jambo moja mpaka hapa kwa makusudi. Kitabu cha Jack kinachapishwa. Kinaitwa "I, Croupier", hakina jina la mwandishi, na kinauzika sana. Maana yake usiku baada ya usiku Jack aligonga viganja, akavigeuza, kamera ikaridhika, akatoka mlangoni na mali ambayo hakuna mpekuzi angeipata: Matt anavyoiba, Bella anavyolia, wateja wanavyoharibikiwa. Wizi mkubwa kuliko wote wa Golden Lion ulitoka kichwani mwa mfanyakazi.

Miaka ya nyuma ningeishia hapo kwa shangwe, kwamba hadithi haipekuliki, mnyonge ameshinda. Shafi Adam Shafi alitupa "Kuli" ili tuuone mwili wa mchukuzi wa bandarini kutoka upande wake, na bado naamini fasihi yetu inahitaji zaidi ya hizo: karani, kondakta, mlinzi, binti wa kaunta. Sisi tuliokua na Willy Gamba wa Elvis Musiba tulizoea wezi wakubwa na majasusi. Huyu anayepekuliwa viatu hajapata riwaya zake za kutosha.

Lakini "Croupier" hainiachii furaha hiyo nzima nzima. Jack hakuiibia kasino peke yake. Amemwibia na Bella. Amechukua maisha ya mtu waliyekuwa naye upande mmoja wa meza, akayauza, na wala jina lake hakuweka ili aulizwe. Na mimi nimeanza makala hii kwa dada wa mlangoni. Sikumwomba ruhusa. Sijui yuko wapi sasa. Nilipokuwa naandika ile "samahani, mdogo wangu" nilijua kabisa kwamba ni sentensi nzuri, na kwamba si yangu.

Itafuteni "Croupier". Muanze na "Casino" kama mna muda, maana ni ndefu na inapendeza, halafu muiangalie hii taa zikiwa zimezimwa. Mkiona Jack anageuza viganja mbele ya kamera, msitazame viganja. Tazameni uso wa msimamizi aliyesimama nyuma yake, yule ambaye naye ana mtu anayemtazama. Dada yetu alikuwa na uso huo. Zamu yetu ikiisha, alibaki pale kwenye korido akisubiri mlinzi wa zamu nyingine aje ampekue yeye.